Wavu Uliobaki Kijani

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limenakiliwa jaladani kutoka kwenye kitambulisho, kazini na mtaani anaitwa Mama Mwani
Umri: miaka 53
Jinsia: mwanamke
Kazi: fundi wa matangi ya samaki wa maji ya chumvi
Makazi: ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, mtaa wa nyuma ya soko
Tarehe: Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita
Muda wa kuanza: saa nane na dakika kumi mchana
Yahusu: madai ya sumu kuwekwa kwenye tangi la samaki, kliniki ya meno

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimejibu kwamba uongo sina muda nao. Sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu. Nimekuja kwa sababu humu ndani, nyuma ya mlango ule wa chuma, amekaa dada wa mapokezi wa kliniki ya meno tangu asubuhi, anaambiwa ameua samaki kwa sumu. Hakuua. Najua kilichoua, na ushahidi nimeubeba kwenye ndoo hii nyekundu. Afande ameniambia niiteremshe ndoo kutoka juu ya meza yake. Nimeiteremsha.

Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa. Mafundi wa samaki wa maji ya bomba wako wengi kama utitiri, lakini wa tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai tuko wawili tu mji mzima, na huyo wa pili nimemfundisha mimi. Sijisifu, afande ameniuliza ujuzi wangu nami namjibu.

Kwa faida ya afande, ambaye samaki anamjua akiwa kwenye sahani, naeleza. Samaki akila, ananya. Iandikwe hivyo hivyo. Anachonya na chakula kinachobaki huoza majini, na uozo ule ni sumu kwake na kwa matumbawe. Baharini kuna nafasi, lakini kwenye kioo cha lita mia sita hakuna pa kukimbilia. Wenzangu husafisha kwa mashine za kila aina, mimi husafisha kwa mwani. Pampu inapandisha maji kutoka kwenye tangi, yanapita kwenye bomba lenye mpasuo mrefu, yanateremka juu ya wavu mgumu wa plastiki, na wavu unamulikwa na taa kali. Mwani unaota pale. Chakula chake ndio ule uchafu. Kila Ijumaa nautoa wavu, nakwangua mwani upande mmoja, upande wa pili nauacha uendelee na kazi, nasuuza, narudisha. Kile ninachokwangua ndio uchafu wenyewe, umetoka majini na haurudi tena.

Halafu kuna jambo ambalo mwenzangu hulicheka. Mwani ninaoukwangua naukamua, naupima kwenye mizani ya jikoni, naandika kwenye daftari tarehe na gramu. Mwani hauna siri. Samaki wakilishwa kidogo, unaota kidogo. Wakilishwa kupita kiasi, unaota mpaka unaning'inia. Mwenye tangi anaweza kunidanganya, wavu hauwezi. Daftari ninalo hapa, na afande amelishika.

Sanduku la wavu la kliniki ile tulilitengeneza watu wawili miaka mitatu iliyopita, mimi na baba mzazi wa daktari. Baba huyo alikuwa fundi wa lifti mpaka alipostaafu, ana miaka sabini na minane, mimi humwita Mzee Lifti naye huniita mwanafunzi. Anaishi ghorofa ya juu ya kliniki, na ipo ngazi ya ndani inayoshukia kwenye chumba cha kusubiria. Ule mpasuo wa bomba aliukata yeye kwa msumeno wa mkono, bila rula, na umenyooka mpaka leo. Tangu mke wake afariki, kila siku hushuka, hukaa kwenye kiti cha mwisho karibu na tangi, huwachangamsha wagonjwa wanaongoja kung'olewa meno. Kuna mtoto mmoja alimwambia kwamba fundi wa lifti na fundi wa meno ni kitu kimoja, wote kazi yao ni kung'ang'ania vitu vilivyokwama. Tulicheka siku nzima.

Utaratibu wa kulisha ni huu. Analisha mtu mmoja tu, dada wa mapokezi, mara moja kwa siku, saa mbili asubuhi, kiasi cha vidole vitatu. Kopo la chakula linakaa kwenye droo ya meza yake, droo haina kufuli. Akifungua kopo jipya anaandika tarehe kwenye kifuniko. Mimi ndiye niliyemwekea utaratibu huo na hajawahi kuuvunja. Kopo moja huenda miezi miwili.

Tangu mwezi wa tatu makopo yakaanza kuisha kwa wiki mbili. Ijumaa tarehe 16 mwezi wa tano, saa tisa na nusu alasiri, nikiwa nimepiga magoti mbele ya tangi, daktari alimuuliza dada wa mapokezi chakula kinakwenda wapi. Kabla hajajibu, Mzee Lifti akasema kutoka kwenye kiti chake, "Anaiba huyu. Kila nikifungua kopo nakuta limepungua." Dada wa mapokezi akamgeukia, akasema kwa upole, "Jamani babu! Niibe chakula cha samaki nikampikie nani?" Wagonjwa wakacheka, mimi nikacheka. Daktari hakucheka. Alisema, "Baba yangu hajawahi kusema uongo." Hilo ni kweli na mimi naweza kuliapia. Mzee yule hajawahi kusema uongo.

Ijumaa iliyopita, tarehe 6 mwezi huu, nilifika saa tisa alasiri. Nilikwangua gramu mia tisa na arobaini. Dada wa mapokezi alifungua kopo jipya mbele yangu, akaandika tarehe, akaliweka kwenye droo. Maji yalikuwa maangavu, ungeweza kusoma gazeti kupitia kioo. Aliomba ruhusa ya Jumatatu asubuhi, ameitwa shuleni kwa mwanawe. Daktari alikataa. Dada akasema, "Haya daktari, tutaonana Jumatatu," akasukuma droo kwa nguvu. Saa kumi jioni tulitoka pamoja, akafunga mlango wa nje. Kliniki haikufunguliwa Jumamosi wala Jumapili.

Leo saa mbili na robo asubuhi daktari alinipigia simu. Alisema, "Njoo haraka. Kaua samaki wote. Kamwaga sumu." Nilifika saa tatu kasoro dakika tano. Gari la polisi lilikuwa nje na dada wa mapokezi alikuwa kati ya askari wawili, amekumbatia mkoba wake. Aliponiona alisema, "Mama, waambie basi." Sikumwambia mtu kitu. Nilimpita nikakimbilia tangi. Samaki walikuwa wameshakufa, hawakuwa na haraka yoyote, na yeye alikuwa mzima anapelekwa mahabusu. Hilo linaniuma na naomba liandikwe.

Maji ya tangi yalikuwa meupe kama maziwa. Hapo ndipo daktari alipojengea hoja yake: maji meupe, basi ni klorini, na aliyetoka Ijumaa amekasirika ni fulani. Samaki kumi na mmoja walikuwa wanaelea. Matumbawe yalikuwa yamejikunja, mengine yameanza kumenyuka nyama. Amebaki hai samaki mmoja tu, yule mweusi mkorofi aliyekuwa anawauma wenzake, amejibana juu penye mkondo wa pampu. Nilitamani kulia. Matumbawe yale niliyapandikiza mimi, vipande vya ukubwa wa kidole gumba.

Nilifanya kazi yangu tangu saa tatu na dakika kumi. Kwanza nilinusa. Klorini ina harufu kila mtu anaijua, na haikuwepo. Palinuka uvundo wa kitu kilichooza. Pili nilipima maji, klorini hakuna kabisa, amonia, ile sumu ya uozo, imepanda mpaka rangi ya kipimo ikagota mwisho. Tatu niliingiza mkono nyuma ya mawe. Nilitoa tope la chakula, viganja na viganja, kimevimba na kuoza. Weupe ule ni vijidudu vinavyozaliana juu ya uozo, vinakula hewa yote ya majini mpaka samaki wanakosa pumzi. Nne nilivuta droo. Kopo jipya la Ijumaa lilikuwa limebaki robo.

Tano nilitoa wavu, na huu hapa kwenye ndoo. Naomba afande ainame autazame. Ni kijani, mnene, umeshika. Maji yote ya tangi lile yanapita juu ya wavu huu usiku na mchana. Mtu akimwaga klorini, mwani unakuwa wa kwanza kufa, ndani ya saa chache unageuka mweupe na kubanduka kama ngozi ya aliyeungua. Huu umenona. Afande amenusa na kusema unanuka bahari. Ndivyo unavyotakiwa kunuka ukiwa hai. Hakuna sumu iliyomwagwa na mtu. Kilichomwagwa ni chakula, kingi kuliko wavu unavyoweza kula.

Nani alimwaga? Hapa ndipo kwenye ugumu, na nasema polepole ili afande asikose neno.

Saa tano na dakika kumi nilikuwa kwenye chumba cha kusubiria, nakamua sifongo. Wagonjwa walikuwa wamerudishwa nyumbani, hapakuwa na mtu. Mzee Lifti alishuka kwa ngazi ya ndani, amevaa shati lililopigwa pasi na kandambili. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza mwanafunzi hali gani. Alikwenda moja kwa moja kwenye droo, akachukua kopo, akafunua kifuniko cha tangi, akamimina kiganja kizima kwenye yale maji meupe. Akapangusa mikono, akarudisha kopo, akafunga droo taratibu, akakaa kwenye kiti chake. Mimi niliduwaa na sifongo mkononi. Niliona kwa macho yangu mawili.

Saa tano na dakika ishirini na tano aliinuka tena. Akaniuliza, "Hawa wameshakula?" Nikamwambia, "Wamekula mzee, umewalisha wewe sasa hivi." Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Akasema, "Mimi? Mimi ndio nimeshuka sasa." Akafungua droo. Akatikisa kopo. Akasema, "Si nilisema? Limepungua tena. Huyu binti anaiba." Kisha akamimina kiganja kingine.

Nilipogeuka, daktari alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake cha matibabu, glavu mkononi, macho kwa baba yake. Alikuwa ameona yote ya mara ya pili. Nilimwambia, "Daktari, umeona." Nikamwambia tena. Akasema, "Baba yangu yuko sawa," akaingia ndani, akafunga mlango. Nilimfuata. Nilibisha, hakufungua. Nilisema nikiwa nje, tena kwa sauti, kwamba kuna mama wa watoto wawili ameketi sakafuni kituoni kwa kosa ambalo halikutendwa, na yeye anajua. Akajibu, "Samaki ni wangu, malalamiko ni yangu." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilichukua wavu, ndoo na daftari, nikamshika Mzee Lifti mkono nikampandisha juu kwake, nikamkalisha na chai yake, kopo nikalitia mfukoni mwangu, nikaja hapa.

Afande ameniuliza kama nina ugomvi na daktari. Sina. Ameniuliza kama nina ugomvi na mzee. Haki ya Mungu, ningependa swali hilo lisiandikwe, lakini amesema lazima. Mzee yule nampenda. Nimesoma kwa mafundi wengi na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mkato ukipinda milimita moja juu, chini unapinda sentimita. Mzee hakuiba na hakusingizia. Alifungua kopo akakuta limepungua, na aliyelipunguza hamkumbuki kwa sababu ni yeye. Ningekuwa mahali pake na mimi ningemshuku binti.

Sasa nasema langu, maana nisiposema nitakuwa sawa na yule aliyefunga mlango. Daftari hilo, afande asome kuanzia mwezi wa tatu. Wiki ya kwanza gramu mia tatu na ishirini. Baadaye mia nne na tisini. Mia sita. Mia saba na themanini. Mwisho mia tisa na arobaini. Wavu ulikuwa unapiga kelele kila Ijumaa kwamba mtu analisha mara tatu zaidi, na mimi, bingwa wa mji mzima, niliongeza saa za taa ili uote zaidi, nikarudi nyumbani nikijipongeza. Nilimwonyesha hata yule mwanafunzi wangu picha. Maji yalibaki maangavu miezi mitatu kwa sababu kazi yangu ni nzuri, na uzuri wa kazi yangu ndio uliomficha mzee asionekane anaumwa. Laiti lingekuwa tangi la fundi mbovu, lingechafuka mwezi wa tatu ule ule, na mtu angeuliza.

Na kuna siku. Siikumbuki tarehe kwa sababu hii sikuiandika, lakini ni mwezi wa nne. Mzee alisimama pembeni yangu akapitisha kidole kwenye ule mpasuo wa bomba. Akasema, "Kazi safi hii. Nani kaikata?" Nilidhani anataka sifa. Nilimwambia, "Kaikata fundi mmoja mwenye majivuno," tukacheka wote. Alikuwa anauliza kweli, afande. Mimi nikamjibu kwa mzaha.

Namjua dada wa mapokezi kwa miaka minne. Ana ulimi mkali na hukasirika upesi, kama mimi. Samaki wale kila mmoja alikuwa na jina alilompa yeye. Naomba aachiwe leo, kabla watoto hawajatoka shule.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona kwa macho, niliyoyanusa kwa pua na niliyoyapima kwa mizani yangu. Sikutishwa wala sikuahidiwa kitu. Nimesomewa yote, nimesahihisha penye gramu mia saba na themanini palipoandikwa mia nane na sabini, nimeridhika. Naweka sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu, na kumsomea shahidi. Yalikamilika saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nimepokea vielelezo: wavu mmoja wa plastiki wenye mwani, umelowa, daftari moja, kopo moja la chakula cha samaki, limebaki kidogo. Shahidi ameomba wavu usikauke. Umewekwa kwenye ndoo yake, chini ya meza.

Saa kumi kasoro dakika kumi mlalamikaji alifika kituoni akiwa na baba yake, amemshika mkono. Aliomba kusomewa maelezo ya shahidi. Nilimsomea. Alisikiliza akiwa amesimama mpaka mwisho, kisha akaomba karatasi na kuandika kwa mkono wake: "Naondoa malalamiko. Hakuna aliyeweka sumu. Nilianza kuona tangu mwaka jana, nikaogopa kuona." Karatasi hiyo imeambatanishwa.

Mtuhumiwa aliachiwa saa kumi na dakika tano na kukabidhiwa mkoba wake. Alipotoka kwenye korido, mlalamikaji alisimama. Baba yake ndiye aliyesema. Alimuuliza mtuhumiwa, "Binti, mbona leo hukuja kazini? Nimekungoja toka asubuhi."

Mtuhumiwa alimtazama mlalamikaji, kisha akamtazama mzee. Alimwamkia kwanza. Halafu akamjibu kwamba alipata udhuru, babu amsamehe, na kesho atafika mapema.